Vitamini za Mama, Mayai ya Mzee

Mwaka baba alipofariki ndio niliopendeza kuliko miaka yote. Jirani yangu wa hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, alinisimamisha getini akanichunguza uso. "Wewe, machozi ya matanga hayajakauka na ngozi inang'aa kama gari la harusi. Unapaka nini?"

Sikuwa napaka kitu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nashona nguo za watu sebuleni, na jua huniona kwa miadi. Nikamwambia ni huzuni. Akasema basi na yeye atafute mtu wa kumlilia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakula mayai. Kila wiki mama alinitumia mkebe wa mayai ya kienyeji kutoka Kianjokoma, yamelazwa ndani ya pumba za mahindi, yakiletwa na mama mmoja anayeshuka mjini kuuza maziwa. Niliyakaanga, nikayachemsha, nikayavunjia juu ya kila kitu isipokuwa chai.

Mama yangu mwenyewe alikuwa anachakaa. Pembe za mdomo zilikuwa zimepasuka, akawa anacheka kwa upande mmoja. Ngozi ya mikono na ya shingo ilikuwa imesawijika, inakwaruza ukiishika. Yeye alilaumu baridi ya mlima. Dada zangu wakamnunulia mafuta ya kujipaka, kila mmoja ya kwake, mpaka dirisha la jikoni likafanana na duka la vipodozi. Hayakusaidia. Nikamwita mjini, nikampeleka kwa daktari.

Daktari alimtazama mdomo, akamtazama ulimi, akamuuliza anakula nini.

"Nakula," mama akasema.

"Nini?"

"Chakula."

Daktari akanigeukia mimi. Akaeleza kwamba ngozi haipakwi tu, hulishwa. Mtu akishinda kwa chai ya rangi na ugali mweupe, mwili unakosa vitamini za kundi la B, na wa kwanza kulalamika ni mdomo, ulimi, na ngozi inayopigwa na jua. Ziko kwenye mayai, maziwa, maini, maharagwe, mboga za kijani. Na nyingi hazikai mwilini, hutoka na mkojo, kwa hivyo ni za kila siku kama sala. Nilitikisa kichwa kama msomi. Biolojia ya kidato cha nne nilipata alama ambayo nilimwambia baba ndiyo iliyopatikana na darasa zima.

Akatuandikia vidonge. Mama akarudi navyo nyumbani, nami nikawa napiga simu kuuliza kama anavimeza.

"Vinaisha, binti yangu," anajibu. "Vinaisha vizuri."

Vikiisha, natuma vingine kwa yule mama wa maziwa. Lakini naye kila akija ananiambia mdomo wa mama ni uleule. Nikaogopa. Nilikuwa nimemzika mzazi mmoja, na sikuwa tayari kumsindikiza wa pili. Nikafunika cherehani, nikapanda Kianjokoma.

Kuku ndio walionipokea. Walikuja wametakata, manyoya yanameta, jogoo anatembea kama mwenyekiti wa harambee. Mama akatokea nyuma yao, amepungua, mdomo bado una vidonda. Kando ya mlango wa jikoni kulikuwa na karai la maji ya kuku, na maji yenyewe yalikuwa ya manjano kama soda.

"Mama, hii ni nini?"

"Vitamini."

"Gani?"

"Si ni zile zako. Nilizisaga. Ni zilezile za kuku zinauzwa agroveti, kwenye dawa za mifugo, hata rangi ni moja. Hawa walikuwa wamenyonyoka shingo, sasa waone."

"Mama! Nilikutumia wewe!"

"Na mimi nikakutumia wewe. Kwani hukukula mayai?"

Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimeuona mkono wake ulivyo kando ya ule wangu.

"Hata moja hukula?"

Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini havai suruali za marehemu. "Mayai ni ya mzee."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Asubuhi yai la baba lilichemshwa, mama akalimenya, akatia chumvi kidogo, akaweka kwa sahani. Sisi watoto tulipewa tukiugua, nami niliugua kwa bidii sana. Yeye alimenya maisha yake yote. Baba alipoenda, akaacha kumenya, kisha akaacha kupika. Sufuria kubwa ya githeri, ile ya kuchemshia mahindi na maharagwe, ilikuwa imefunikwa kifudifudi, buibui amejenga.

"Nani atawasha moto wa githeri kwa mdomo mmoja?" akasema.

Niliiosha. Nikainjika maharagwe, nikachuma mboga nyuma ya nyumba, nikachemsha mayai mawili. La kwake nilimenya mimi, nikatia chumvi kidogo. Alilipokea, akaligeuzageuza kiganjani. Akala nusu, chumvi ikamchoma pembe za mdomo, machozi yakamtoka.

"Ni chumvi," akasema.

Nikakubali ni chumvi. Langu sikuwa nimelitia chumvi, na lilikuwa nayo tele.

Kabla sijashuka tulielewana: kuku wanunuliwe vitamini za kwao agroveti, yeye ameze zake. Baadaye mkebe ukaanza kuja na mayai machache. Nimewahi kupunjwa na wateja wengi, ila hii ndiyo mara ya kwanza niliyofurahi.

"Na mdomo?" nilimuuliza mama wa maziwa.

"Umepona. Jana alinicheka mpaka magego nikayaona. Anachemsha mawili kila asubuhi."

"Anakula mawili?"

"Anakula moja." Aligeuza mtungi wake, akaangalia ndani ingawa ulikuwa mtupu. "La pili anamenya, anatia chumvi, analifunika na sahani pale alipokuwa akikaa mzee. Jioni anampa mbwa."

Akaufunika mtungi.

"Huyo mbwa," akasema, "siku hizi anang'aa kukushinda."

Sijamwambia mama aache.