Uso Uliotoka Kwenye Ukungu

Ukitaka kujua Nakhisa ni mtu wa namna gani, mwangalie anapochinja kuku. Hana mbwembwe. Hukanyaga mabawa, kisu kikapita, na kabla damu haijaacha kuruka ameshamuuliza mteja kama anataka akatiwe vipande. Ni Mkenya wa Bungoma, mjane, na ameuza kuku ng'ambo ya mpaka, mtaa wa Kamwokya, tangu mwanawe wa kwanza, Travis, ananyonya. Ndiyo maana hata wasiojua jina lake humwita Mama Travis. Mkorofi? Sana. Aliwahi kumchapa mlinzi wa soko kwa kuku aliye hai, na mlinzi ndiye aliyeomba msamaha.

Mwanamke huyu alikwenda kusomea akili mnemba. Kanisa lao kule Ntinda liliandaa mafunzo kwa wafanyabiashara, na mwalimu, dada mmoja wa chuo cha Kyambogo aitwaye Santina, aliwaonya kwamba programu ya akili mnemba waliyowekewa kwenye simu haipendi kusema sijui. Ikikosa jibu, inabuni. Nakhisa aliliona hilo kwa macho yake. Aliiuliza dawa ya kuku wanaoharisha, ikamtajia dawa ambayo hakuna duka lililowahi kuisikia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwongo mkubwa wewe!" aliiambia simu. Tangu hapo kila ilichomwambia alikihakikisha kwanza, na majirani waliomeza kila kitu aliwasimanga bila huruma.

Lakini kwake yeye uongo ulikuwa mambo ya maneno. Picha aliiamini.

Ndipo wezi wakakata waya wa banda lake na kuzoa kuku wote aliowafuga kwa ajili ya Krismasi. Kamera ya jirani ilimnasa mmoja wao, mwanamume ambaye uso wake pichani ulikuwa ukungu mtupu. Nakhisa aliitia ile picha kwenye programu akaandika: safisha uso huu. Ukatoka uso safi, wenye macho, pua na mdomo. Akautuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Mwizi ndiye huyu."

Aliyejibu ni Ocen, askari mstaafu anayepakana naye ukuta kwa ukuta, mtu ambaye mtaa mzima humsikiliza. "Huyu mutu mimi najua," alisema kwa ujumbe wa sauti. "Iko Opio, ile ya baiskeli."

Opio ndiye aliyekuwa akimletea Nakhisa magunia ya chakula cha kuku. Nakhisa aliitazama picha tena na, kweli, akamwona Opio. Ikamuuma zaidi, maana alikuwa akimpa chai. Hakumpigia simu kumuuliza. Alinoa kisu akaendelea na kazi.

Kelele zilipozuka upande wa mfereji alijua ni nini, akaenda. Nisikufiche, alikwenda kutazama. Opio alikuwa chini, shati limechanika, damu inamtoka sikioni. Ocen alikuwa akimpiga nondo gotini, palepale, tena na tena, na Nakhisa aliisikia sauti anayoijua vizuri, ya mfupa unaovunjika. Mwanamke mmoja akarusha tofali likampata Opio jichoni. Kijana mwenye dumu la petroli alikuwa anafungua kifuniko.

Opio alimwona kati ya miguu ya watu. "Mama Travis, ambia wao! Wewe najua mimi!"

Hapo Nakhisa akaikumbuka picha ya kamera. Ule ukungu haukuwa na macho. Sasa macho yalitoka wapi? Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akajitupa juu ya Opio, na nondo iliyokuwa inashuka ikamvunja mkono.

"Wacheni! Ni mimi nimekosea!"

"Toka hapo, mama!" Ocen alifoka. "Hii picha nani natuma? Si wewe?"

"Ni mimi! Na imenidanganya! Angalia!"

Kwa mkono uliobaki, damu ya Opio ikiteleza kwenye kioo cha simu, akairudisha ile picha ya ukungu na kuomba uso upya. Akatoka mwanamume mwenye ndevu. Akaomba tena, akatoka mzee mwenye upara. Alimsogezea Ocen simu mpaka karibu na pua. "Haya, nenda ukawaue na hawa!"

Ocen alitazama, akatazama tena. Nondo ikashuka pole pole ubavuni mwake. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu, na kijana wa petroli akafunga dumu lake. Hakuna aliyesema pole.

Opio hakufa. Goti lake halitakunjika tena, na jicho moja madaktari walilitoa. Nakhisa alikwenda wodini na supu, mkono mmoja umefungwa plasta, akapiga magoti kando ya kitanda na kulia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, yeye ambaye hakuna mtu wa Kamwokya aliyewahi kumwona akilia.

Opio alimwacha alie mpaka akatulia. Kisha akasema, "Onyesha mimi hiyo picha."

Nakhisa akampa simu yenye ule uso wa kwanza aliotuma kwenye kundi. Opio aliitazama kwa muda mrefu kwa jicho lililobaki.

"Mama," alisema, "huyu si nafanana na mimi."

Nakhisa akaitazama picha, akamtazama yeye. Mtu wa kwenye simu alikuwa na uso mrefu, mwembamba, na masikio madogo. Hawakufanana hata kidogo. Na siku ile ya wizi, Nakhisa, akiwa na macho yake yote mawili, alikuwa ameapa moyoni kwamba ni Opio.