Mabomba ya Upepo ya Crispin

Muulize mtu yeyote wa Mtwivila, pale Iringa mjini, nani anaweza kulipaka gari rangi likang'aa mpaka mwenyewe alipite asilitambue, atakuelekeza kwa Crispin. Halafu ataongeza, bila kuulizwa, kwamba Crispin ni mpole mno. Neno hilo lichunguzwe vizuri. Mara nyingi watu humpa sifa hiyo mtu ambaye wameshazoea kumpanda kichwani.

Tangu ujana wake Crispin alikuwa akipaka magari kwenye gereji za wengine, na huko kote adui yake alikuwa mpira wa kompresa, ule unaoleta upepo wa kupulizia rangi. Gereji ina mpira mmoja, mafundi wanaugombania kama watoto na sufuria ya ukoko. Ukiupata, unaukokota sakafuni, nao unazoa vumbi, kisha unajipitisha wenyewe juu ya rangi mbichi na kukuchorea nyoka kwenye boneti. Crispin alitaka karakana yake nyumbani, upepo upite ndani ya mabomba ukutani, kila kona iwe na koki yake, na mpira uwe mfupi tu wa kumtosha mkononi. Alikuwa hataki gari wala ghorofa, alitaka hicho tu.

Nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe Yudith ilikuwa ya kaka yake, Jofrey, aliyehamia Makongolosi kwenye mambo ya dhahabu. Nyuma yake kulikuwa na banda kubwa lisilo na kazi. Crispin alipomweleza kaka yake ndoto yake kwa simu, Jofrey hakusita hata kidogo.

"Mdogo wangu, jenga hapo hapo. Hapo ni kwako."

Yudith aliposikia, alisema taratibu, "Baba Blessing, mwombe shemeji aandike hata mistari miwili, mashahidi waweke sahihi."

Crispin aliwaka. Baba yao alipofariki kule Kilolo, Jofrey ndiye aliyeacha shule akachoma mkaa ili mdogo wake asome. Ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati alipougua. Kumwendea mtu wa namna hiyo na karatasi, kwao, ni kumwita mwizi mbele ya kaburi la baba. "Usilirudie tena hilo," alimwambia mkewe. Yudith hakulirudia. Alichukua hela yake ya msimu wa nyanya za Ilula, wakanunua kompresa.

Kazi ile Crispin aliifanya kwa mapenzi, na mapenzi yakionekana kwenye ukuta huwa hayafichiki. Wenzake walimshauri afunge mabomba ya plastiki, ni rahisi na mepesi. Alikataa. Plastiki ikizidiwa na upepo hupasuka vipande na kumrukia mtu usoni. Alifunga chuma. Alichonga nyuzi za kukazia kila ncha, akazungushia tepu nyeupe, akakaza mpaka viganja vikachubuka. Kwa kuwa baridi ya Iringa hugeuza unyevu wa hewa kuwa maji ndani ya bomba, na maji hayo yakifika kwenye rangi huifanya itoe vipele, aliyalaza mabomba kwa mteremko mdogo, mwisho wake akaweka koki ya kumwagia maji. Kila tawi alilitoa upande wa juu wa bomba, likapinda ndipo likashuka, ili maji yasipate njia ya kulifuata.

Jofrey alikuwa akipiga simu mara kwa mara. Mmefika wapi? Umetumia chuma au plastiki? Koki ziko ngapi? Gari mbili zinaingia kwa pamoja? Nitumie picha, mdogo wangu. Crispin alituma picha, akaeleza kila kiungo, na akikata simu alikuwa akimwambia mkewe, "Unaona? Nani mwingine ananiuliza mambo yangu hivi?" Yudith alikuwa akiendelea kuchambua maharage.

Siku ya kujaribu, walipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote kutafuta panapovuja. Hakikutokea hata kiputo kimoja. Crispin alicheka peke yake kama aliyepata mtoto.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi, gari lilisimama getini. Jofrey alishuka, na nyuma yake mzee mmoja nadhifu wa kofia ya darizi, Abdulkarim, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Mbeya. Crispin alitoka mbio akijifuta mikono.

"Shikamoo kaka! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba," Jofrey alijibu, macho yake yakiwa bandani. Akampita.

Kule ndani alimwonyesha mgeni kila kitu, tena kwa maneno yale yale aliyofundishwa kwa simu. Mabomba ni chuma. Yana mteremko. Maji yanatokea pale. Crispin alisimama kando anatabasamu. Alidhani kaka yake amemletea mteja mkubwa, na alijiona ameheshimiwa.

"Fundi, hebu fungua upepo," Abdulkarim aliomba. Crispin akafungua, upepo ukavuma safi, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mashaallah. Sijutii kununua. Na wewe ukitaka, baki na vijana wangu. Nimeambiwa unakuja pamoja na mitambo."

"Kununua nini, mzee?"

"Nyumba na banda. Tumeshamalizana."

Zile simu zote zilimrudia Crispin kwa mpigo, na safari hii alizisikia zilivyokuwa: maswali ya mtu anayepanga bei. Alimgeukia Jofrey. "Kaka, si ulisema hapa ni kwangu?"

"Makongolosi imenikaba," Jofrey alinong'ona. "Bila haya mabomba hakuna ambaye angeligusa hili banda. Na wewe usinitie aibu. Kwani tuliandikishana wapi?"

Abdulkarim alikunja uso. Alikuwa mtu mwenye kuogopa haki ya mtu. "Ngojeni. Nasikia kaka, kaka. Ninyi ni ndugu? Kama hii mali ina mambo ya kifamilia, semeni sasa hivi, mimi narudisha ufunguo na kurudishiwa changu."

Crispin alimtazama kaka yake, akasubiri. Hata hapo alikuwa bado anamngoja.

"Hapana, mzee," Jofrey alisema. "Tunatoka kijiji kimoja tu."

Mlangoni Yudith alishika mdomo. Alijua, kama Crispin alivyojua, kwamba neno moja lingetosha: aseme wamezaliwa tumbo moja, biashara ivunjike, karakana ibaki. Mzee alimgeukia.

"Ni kweli, fundi?"

Crispin alifunga koki, akauchomoa mpira wake mfupi, akauviringisha mkononi polepole.

"Kweli kabisa, mzee," alisema. "Kijiji kimoja. Kaka yangu mimi alishakufa."