Unga wa Marete

Gari lilikuwa limeiacha Nkubu nyuma, likipanda katikati ya mashamba ya chai, na Njoka bado alikuwa amepakata sanduku lake jeusi kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Ndani mlikuwa na hadubini ya kupasulia macho, miguu yake imekunjwa. Hajawahi kuitia kwenye buti. Nyumbani Majimbo, kule Embu, mkewe Winrose huliita sanduku hilo mke mwenza. "Huyo unamshika polepole," humwambia, "lakini vikombe vyangu unavivunja."

Zamani Njoka alikuwa fundi wa redio. Siku hizi huizungusha hadubini hiyo kwenye zahanati ambazo hazina chumba cha upasuaji, kuifunga kwenye meza yoyote atakayoikuta, na kuhakikisha haitikisiki. Chini ya lenzi zile jicho hujaa kama sahani, na mtikisiko usiohisiwa na mtu yeyote huwa tetemeko.

Zahanati aliyofikia siku hiyo hakuwa ameiona kabla. Ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani, kimya kila mahali. Alichagua chumba cha nyuma, mbali na barabara, akaweka kikombe cha maji mezani akakitazama. Maji yalitulia. Akaridhika.

Kesho yake mgonjwa wa kwanza alipoiona meza tu, alikumbuka kwamba ng'ombe wake hajakamuliwa, akaenda zake. Wakamwita Gatakaa, mama mzee ambaye zamu yake ilikuwa alasiri. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho.

"Hili mlitengeneze vizuri," alisema akilala. "Sina la akiba."

Daktari Hidaya alikuwa amekwisha kulifungua jicho picha ilipoanza kucheza. Akakitoa chombo taratibu. "Njoka, jicho linaruka."

"Si mimi," Gatakaa akasema chini ya kitambaa. "Mimi nimetulia."

"Tulia hivyo hivyo, mama."

Njoka alizigusa skrubu. Zilikuwa zimekaza. Akaweka kiganja ukutani, na ukuta ulikuwa unanguruma.

Alitoka mbio. Nyuma ya ua wa zahanati kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake mashine ya kusaga mahindi ikiunguruma. Mzee aliyeiendesha, Marete, alikuwa ametapakaa unga, pamba masikioni.

"Foleni, wewe!" mama mmoja mwenye debe akamfokea Njoka.

Mzee alichomoa pamba, akacheka. "Madaktari wana njaa tayari? Huu ni wa uji wenu. Mtu akimtibu mke wangu, siwezi kumwacha aondoke na chai tupu."

"Mke wako ni nani, mzee?"

"Gatakaa. Ataingia alasiri."

"Yuko mezani sasa hivi. Zima! Mashine yako inatikisa jicho lake."

Marete aliizima. Mkanda ulizunguka, ukalegea, ukasimama.

"Nimemharibu?"

"Bado. Lakini usiwashe."

Marete akaushika mkanda kwa mikono yote miwili, kana kwamba mashine ingeweza kuwaka yenyewe. Mama wa debe aliliweka debe lake chini, akaketi juu ya gunia. Njoka aliporudi ndani, Daktari Hidaya alikuwa ameinamia lenzi tena, na mikono yake ilikuwa kazini.

Siku iliyofuata bandeji ilifunguliwa uani. Marete alisimama mbele, kofia mkononi, hathubutu kuuliza. Gatakaa alipepesa jicho, akamtazama mumewe kwa makini.

"Baba Karimi, si ungeoga kwanza? Umekuja na unga kichwani."

Marete alijipangusa nywele, akatazama kiganja. Kilikuwa safi. "Nimeoga," akasema.

Gatakaa akanyoosha mkono, akazishika zile nywele, akavitazama vidole vyake. "Kumbe," akasema polepole. "Umezeeka bila kuniambia."

Njoka aligeuka upande, akajishughulisha na kufunga sanduku ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Aliondoka akiwa amelipakata, na kibuyu cha uji kati ya miguu yake. Marete alisimama mlangoni mwa kibanda mpaka gari lilipomezwa na mashamba ya chai. Hata hapo hakugusa mashine. Alimtazama mkewe kwanza.

"Washa," Gatakaa akamwambia. "Watu wana njaa."