Mahali Mguu Unaposimama

Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka alijua mke wangu amefika wapi katika muziki ambao yeye mwenyewe hakuwa anausikia. Hedifoni ilikuwa kwenye sikio moja la mke wangu, na chumbani palikuwa na sauti ya cherehani tu. Mara mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Mgeni, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu akisubiri majoho, akatabasamu.

"Umefika pale, mulamu?"

"Nimefika," mke wangu akajibu, na wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkate mkononi.

Kazi yangu ni kupeleka habari redioni kutoka Tunduma: foleni ya malori imerudi mpaka wapi, mahindi yanauzwaje, mvua imeharibu nini. Kwa hiyo nitaieleza na hii kwa mpangilio, ingawa haitatangazwa popote.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Mpemba, mita chache kutoka barabara kuu. Mwaka huu kwaya moja ya Nakonde ilimpa kazi ya majoho, na aliyetumwa kuleta vipimo alikuwa mpiga kinanda wao. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu safi hata siku za vumbi. Siku hiyo ya kwanza alimkuta mke wangu anashona huku kwaya ya mapambio ikiunguruma kwenye simu. Akaangalia mshono, akamwambia muziki huo unamkimbiza mguu. Akamtumia mwingine, wa piano tupu.

Jioni nikausikia. Noti chache zilezile, zinapanda, zinashuka, zinarudi. Nikavumilia mpaka chai ikapoa.

"Mama, simu yako imekwama," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. "Haijakwama, baba watoto. Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo mpaka lini?"

"Subiri. Unabadilika."

Nilisubiri. Haukubadilika. Lakini tulicheka sana siku ile, na kwa wiki nzima kila mtoto aliporudia jambo mara mbili tulitazamana na kusema simu imekwama. Niliupenda utani huo. Ulikuwa wa kwetu.

Mgeni aliporudi kujaribisha joho la kwanza, alinipa mkono kwa heshima zote na kunisalimia. Kisha akainua macho. "Bosi, simu bado imekwama?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, kazi ambayo siku zote huifanya bila kutazama, na siku hiyo aliitazama sana.

Kuna jambo lingine. Mulamu kwa Kibemba ni shemeji. Hapa mpakani neno hilo limezagaa. Muuza vitenge anakuita mulamu ili ununue, dereva anakuita mulamu ili umpishe. Najua hivyo. Hata hivyo nililifikiria kama ninavyofikiria maelezo ya shahidi. Ili mke wangu awe shemeji yake, sharti mimi niwe ndugu yake. Lakini mimi ananiita bosi. Basi ushemeji huo umepitia mlango upi?

Nikamuuliza mke wangu.

"Wewe nawe," akasema. "Ungetaka aniite nani? Mama mkwe?"

Ndipo ikaja siku ile ya mkate. Baada ya mgeni kuondoka sikula. Nilikaa kwenye kiti kilekile, bado kina joto lake, nikauliza "pale" ni wapi.

Hakukasirika. Alisogeza kigoda chake. "Kwetu Igamba tulikuwa tunachambua kahawa," akasema. "Mkono unafanya lilelile, lilelile, mbovu huku, nzuri huku. Hufikirii kitu. Halafu ghafla unaona sinia limeisha, na unashtuka kama mtu amekuita. Pale ni hapo."

"Na yeye anapajuaje?"

"Si ndiye aliyenipa muziki?"

Lilikuwa jibu zuri. Halikuniambia kama alipagundua mwenyewe au alionyeshwa. Nimekaa naye miaka yote hii, kahawa hiyo ya kwao imetulipia ada za shule za watoto, na habari ya sinia sikuwahi kuisikia.

Nikamwomba anitumie muziki huo. Akanitumia papo hapo, bila kusita, na hilo nalo nililihesabu kama ushahidi wa upande wake. Nikawa nausikiliza kwenye foleni ya malori, nikiegemea matairi, madereva wakidhani napokea habari kubwa. Sikusikia kitu. Jumapili moja nikamwambia anipe hedifoni moja, yeye abaki na nyingine, ashone. Tulikaa kichwa kwa kichwa kama wanafunzi wanaoibiana majibu. Niliacha kusikiliza piano, nikautazama mguu wake.

Mguu ukasimama. Na hapo nikasikia: noti moja ya chini, iliyokuwapo tangu mwanzo, ilikuwa imeondoka. Hakuna kilichoongezwa. Kimoja tu kimetoka, na vyote vilivyobaki vikawa vipya.

"Nimesikia!" nikasema kwa sauti, kwa kuwa sikio langu lilikuwa limejaa.

Akanipiga begani. "Umechelewa, lakini umefika." Usiku huo nililala vizuri.

Majoho yakaisha. Mgeni akaja kuyachukua, akayakunja mwenyewe, akasema, "Natotela, mulamu," na kwangu akasema, "Asante, bosi." Akavuka mpaka. Tangu hapo hajaonekana nyumbani kwetu.

Juzi nilirudi mapema kutoka mjini. Mke wangu alikuwa anashona sketi za shule, hedifoni masikio yote mawili, mgongo wake kwangu. Nikasimama nje ya mlango na kusikiliza cherehani. Mguu ulisimama, nami nikatabasamu, maana sasa pale napajua. Ukaendelea. Kabla kanyagio halijashika mwendo, ukasimama tena.

Muziki nilionao mimi unasimamisha mguu mara moja tu.