Mchawi Mwenye Piko

Siku ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu, mzee mpole aliyekohoa kabla ya kila neno, alinikalisha chumba cha kutazamia filamu, ghorofani karibu na kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari. Akaniwekea katuni ya watoto. "Bi Mwanaidi," akasema, "itazame mara mbili. Mara ya pili uizime sauti."

Ndivyo tulivyofanya kazi sisi wakaguzi wa filamu. Ukizima sauti, wajua mtoto ataogopeshwa na picha yenyewe au na ngoma zinazopigwa nyuma yake. Zimwi lililonitoa jasho mara ya kwanza, mara ya pili lilikuwa latafuna tu, na wapiga debe huko nje wakinadi mabasi ya bara. Nilicheka peke yangu. Kisha tulitia daraja, yaani kuamua nani aruhusiwe: Watu Wote, mtoto akiwa na mzazi, au wakubwa pekee. Niliipenda kazi ile, wallahi.

Mzee alipostaafu akaja Mkurugenzi mpya, msomi, mtu wa haraka. Wakati wake ndipo ilipoletwa katuni ya mchawi mwizi wa watoto. Damu hamna, meno hamna. Lakini mchawi yule alivaa buibui, na mikono yake imechorwa piko, rangi nyeusi ile ile wanayopakwa maharusi wetu hapa Mji wa Kale. Katika filamu nzima hakuna mwengine aliyevaa hivyo. Nikatia daraja la mzazi, nikaeleza kwa nini.

Mkurugenzi akaniita. "Bi Mwanaidi, cha kutisha ki wapi hapa?"

"Mbaya ni mmoja tu, bwana, na kavaa kama mamangu."

"Sisi twapima hofu. Nguo za watu hazituhusu."

"Na hofu ikivishwa nguo za watu?"

Akacheka. "Ah, mama, ni katuni hii! Watoto watasahau."

Ikapita, Watu Wote. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimechoka, nikafungua filamu nyengine.

Nyinyi mnaoishika kazi hii leo mwaniuliza nini cha kufanya. Sijui, wanangu. Zamani filamu ilipita mlango mmoja, nasi tumeukalia. Leo katuni ile ile imo ndani ya simu, na mjukuu wangu Ruweida, wa miaka sita, huitazama hata akila. Mamake nimemwambia hata nimechoka. Daraja gani utaitia simu?

Mwaka huu, alasiri ya kuamkia Idi, alikuja mchoraji piko nyumbani. Wasichana wote walikaa foleni. Ruweida akaficha mikono kwapani, akalia hata akatapika. Mie nikadhani mtoto ana homa.

Asubuhi nikavaa buibui langu, nikamwita twende tukawape jamaa mkono wa Idi. Akaruka nyuma ya mamake.

"Ruweida, ni bibi yako huyu!" mamake akamkemea.

"Avue kwanza," akasema mtoto.

Roho iliniuma, jamani, iliniuma hasa. Miaka yote ile nilikaa gizani nikiwalinda watoto wa watu wasitishwe, na leo kitisho ni mimi.

Nikavua. Ndipo akaja kunibusu mkono, ila kwanza aliugeuza, akauangalia mbele na nyuma.