Kitambulisho cha Mwenyekiti

Ninaungama kwa sababu kwaya nzima ya Kangeta inajua tayari. Mimi ndiye mwenyekiti wa safari yetu ya Mbuga ya Meru. Wiki moja kabla, nilienda peke yangu kukagua barabara, vyoo na mahali pa kulia chakula, nikaandika yote kwenye daftari. Kisha nikatangaza kanisani mara tano kwamba asiye na kitambulisho hapandi basi.

Siku ya safari, Mama Kathure alikuwa amesahau chake. Nikamwamuru akichukue nyumbani.

"Mwenyekiti, tangu lini swara akauliza kitambulisho?" alinung'unika, akapanda bodaboda.

Tulimngoja nusu saa. Aliporudi, niliwahubiria wote kuhusu maandalizi mpaka getini.

Hapo nilishuka wa kwanza, kifua mbele, nikapapasa mfuko wa koti. Kitambulisho hakikuwemo. Nilichotoa ni kadi ya plastiki iliyoandikwa "Mgeni".

Askari wa geti akacheka. "Mzee, hatimaye umeturudishia kadi yetu! Kitambulisho ulituachia siku ile ulikuja kukagua vyoo."

Nyuma yangu, Mama Kathure alishuka basi polepole.

"Mwenyekiti, endelea," akasema. "Mahubiri ya maandalizi ulikuwa umeyafikisha wapi?"