Mama amekataa kufuta jina ya papa

Leo mama amerudisha muntu ku mulango mikono mitupu, na miye niko fière, najivunia yeye!

Ile bwana alikuya kwetu, Makomeno. Kazi yake ni kutafuta ma-disque ya zamani, ya wakati ya Zaïre. Alikuwa anataka ile moya yenye marehemu papa, baba yetu, alipiga gitaa.

Mama akaitosha mu kabati. Bwana akaishika polepole.

"Maman, ingine ya hivi sijaona!"

Kisha akageuza pochette, ile karatasi ya kufunika disque, uso ukabadilika.

"Nani aliandika hapa na bic?"

"Ni miye," mama akajibu.

Aliandika BONIFACE, jina ya papa ya ubatizo. Ile wakati serikali ilikataza majina ya ubatizo, basi pochette ilitoka na jina ya mababu tu. Mama akashika bic, akaongeza ile ingine. Papa aliogopa sana. Mama, hapana.

Bwana akamutuliza: "Haina shida, maman. Dawa ya kufuta iko."

Eeh! Kufuta!

Mama akamunyang'anya disque.

"Serikali nzima haikumufuta. Weye njo utaweza?"

Akaiweka ku tourne-disque, akapandisha sauti mpaka jirani akachungulia. Bwana anasimama tu, bahasha ya feza ku mukono.

"Ikala, usikilize. Kusikiliza ni bure. Kuuzisha, hapana."

Akaikala. Akasikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaenda.

Kaka yangu anakasirika, anasema ile feza ingetengeneza paa yetu. Acha ivuje!

Banduku, jamaa zangu, munasema nini? Andikeni hapa. Mama iko pembeni yangu, namusomea yote.